Mkate wa Agosti Haukuibwa

Kila tarehe 1 Agosti inapokaribia, hadithi moja huamshwa upya. Inasema kwamba zamani za kale Wakelti wa Ireland, Uskoti na Galia walikuwa na sikukuu ya nafaka ya kwanza, Lughnasadh, kwa heshima ya Lugh, mungu wa jua na wa nafaka, aliyekufa kila mwaka pamoja na suke lililokatwa. Kanisa likaja, likajaribu kuifuta sikukuu hiyo, likashindwa, likaamua kuiiba: likaivika kanzu na kuiita Lammas, Misa ya Mkate. Wanavijiji nao wakaendelea na mambo yao ya kale kwa siri, kizazi hadi kizazi, mpaka wapagani wa leo walipoyarudisha hadharani.

Hadithi hii inapendwa na makundi mawili yasiyopatana katika jambo jingine lolote. Wapagani wapya wa Ulaya na Marekani wanaipenda kwa kuwa inawapa ukoo mrefu. Wahubiri wakali, wakiwemo wa kwetu Afrika Mashariki, wanaipenda kwa kuwa inawapa fimbo ya kuyachapia makanisa ya zamani: Krismasi ni ya kipagani, Pasaka ni ya kipagani, na hata ibada ya mavuno, pale waumini wanapobeba mahindi, mikungu ya ndizi na kuku hadi madhabahuni, nayo wanaihesabu kuwa mabaki ya miungu ya Ulaya.

Mimi naikataa. Siikatai ili kulitetea Kanisa, maana Kanisa lina mengi ya kujibu na lina watetezi wake. Naikataa kwa sababu karibu kila kiungo cha hadithi hii hukatika ukikivuta, na kwa sababu inawanyang'anya wakulima maskini wa Ireland na Uingereza kitu walichokitengeneza wenyewe kwa njaa yao na kwa mikono yao.

Nianze Uingereza, maana huko ndiko Lammas ilikozaliwa. Shahidi wetu mkubwa wa upagani wa Waingereza ni mtawa Beda wa Jarrow. Mwaka 725 aliandika kitabu kuhusu hesabu ya nyakati, na sura moja aliitumia kuorodhesha miezi kama mababu zake walivyoijua kabla ya kubatizwa. Beda hakuona haya kutaja mambo ya kipagani. Wale wanaosema Pasaka ni ya mungu wa kike Eostre, jina hilo wamelipata kwake, na hakuna mwandishi mwingine wa zamani aliyelitaja. Anatuambia kwamba mwezi wa Februari watu waliitolea miungu yao mikate myembamba, kwamba Novemba walichinja ng'ombe na kuwaweka wakfu, kwamba usiku wa Krismasi wa baadaye uliitwa usiku wa akina mama. Alipofika Agosti aliandika nini? Kwamba ni mwezi wa magugu, kwa kuwa magugu hustawi sana wakati huo. Akapita. Mwezi wa ibada takatifu, kwa maelezo yake, ulikuwa Septemba. Huyu ni mtu aliyekumbuka mikate ya Februari. Kama mababu zake wangekuwa na sikukuu kuu ya mkate mpya tarehe 1 Agosti, angekuwa na sababu gani ya kuinyamazia na kutuachia magugu?

Mkate wa Agosti unaonekana baadaye, na unapoonekana umeshabarikiwa. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umo ndani ya kitabu cha zaburi cha karne ya 11, hati iliyounguzwa pembeni na moto wa maktaba ya Cotton mwaka 1731, hivyo maneno mengine yameliwa na ndimi za moto. Ni maelekezo kwa mwenye ghala. Achukue vijiti viwili virefu vyenye pande nne, na juu ya kila upande aandike sala ya Baba Yetu mpaka mwisho. Kijiti kimoja akilaze sakafuni mwa ghala, cha pili akipitishe juu yake, ili pawe na alama ya msalaba. Kisha atwae vipande vinne vya mkate uliobarikiwa siku ya Lammas, avisage chembechembe katika pembe nne za ghala. Inafuata baraka yenyewe kwa Kilatini, na inaomba nini? Panya wasiiharibu miganda.

Msomaji, simama hapo kidogo. Hii ndiyo Lammas kama mkulima wa wakati ule alivyoijua. Miganda iko ndani, kazi ya mwaka mzima imelala sakafuni, na panya wanaisubiri. Anachukua kilicho kitakatifu kuliko vyote alivyonavyo, mkate uliobarikiwa kanisani, akaupeleka mahali penye hofu yake. Wapo wataalamu wanaoyaita maelekezo haya uganga wa kipagani uliopakwa rangi ya Kikristo. Wanionyeshe basi upagani wake uko wapi. Sala ni Baba Yetu, alama ni msalaba, mkate umebarikiwa na padri, hati ni kitabu cha zaburi. Kinachowafanya waone upagani ni ghala na panya, kana kwamba Mkristo wa kweli hana ghala.

Watetezi wa hadithi ya wizi wana silaha moja wanayoitegemea hapa: barua ya Papa Gregori Mkuu ya mwaka 601, aliyomwandikia Abate Mellitus aliyekuwa safarini kwenda Uingereza. Humo Papa anashauri mahekalu ya kipagani yasibomolewe, ila yanyunyiziwe maji ya baraka na kugeuzwa makanisa, na watu waliozoea kuwachinjia mashetani ng'ombe waruhusiwe kuchinja na kula kwa shangwe katika siku za mashahidi. Barua ni ya kweli, na Beda ndiye aliyetuhifadhia nakala yake. Lakini isomwe yote. Haitaji Agosti, haitaji mkate, haitaji mavuno. Na mwaka uleule Gregori huyohuyo alimwandikia mfalme Æthelberht wa Kent akimhimiza avunje majengo ya sanamu. Basi tunachokiona ni Papa aliyekuwa akibadilisha ushauri kuhusu misheni moja. Kuifanya barua hiyo iwe hati ya wizi wa kila sikukuu ya Ulaya, kwa karne zote na nchi zote, ni kuitwisha mzigo isioweza kuubeba.

Ireland ni habari tofauti, na sitaki kuificha tofauti hiyo. Huko jina la Lugh limo ndani ya jina la sikukuu, na Lugh hakuwa mtakatifu wa Kanisa. Kamusi inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, askofu na mfalme wa Cashel aliyeuawa vitani mwaka 908, inaeleza kwamba Lughnasadh ilikuwa mkutano na michezo ya Lugh mwana wa Ethne, mwanzoni mwa majira ya mavuno. Nakubali bila kulazimishwa kwamba kabla ya Ukristo Waairishi walikuwa na mkusanyiko wa mwanzo wa Agosti, na kwamba jina la mungu lilikuwamo. Swali ni mkusanyiko huo ulikuwa wa kufanya nini, na uliishije baada ya ubatizo. Hapo ndipo hadithi ya siri na wizi inapovunjika vipandevipande.

Mkutano mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Tailtiu, leo Teltown katika kaunti ya Meath, kando ya mto Blackwater. Ulikuwa mkutano wa wafalme. Watu walikuja kushindanisha farasi, kusikiliza sheria zikitangazwa, kufanya biashara, kupanga ndoa, kumaliza kesi. Tarihi za Ulster, kumbukumbu za mwaka kwa mwaka zilizoandikwa katika monasteri, zinautaja tena na tena. Mwaka 811 ulikwama kabisa. Watawa wa Tallaght waliuzuia kwa sababu ukoo wa Uí Néill ulikuwa umevunja hifadhi ya monasteri yao, na wala farasi wala gari halikufika uwanjani. Baadaye Tallaght ikalipwa zawadi nyingi za kuituliza. Mwaka 831 fujo zilizuka palepale uwanjani kwa ajili ya masalia ya Mtakatifu Patriki na sanduku la masalia ya mtakatifu mwingine, na watu wengi wakafa. Mwaka 873 mwandishi analalamika kwamba mkutano haukufanyika bila sababu ya haki, jambo ambalo anasema halijasikika tangu zamani. Mwaka 1007 mfalme Máel Sechnaill akaufufua. Mwaka 1168 Ruaidrí Ua Conchobair aliuitisha, na farasi wakatanda kutoka kilima hadi kilima.

Siri iko wapi? Watawa wana nguvu ya kuusimamisha mkutano, wanaleta masalia ya Patriki uwanjani, wanasikitika usipofanyika. Wafalme wanaouitisha wamebatizwa, na baba zao na babu zao walibatizwa. Kwa mamia ya miaka huu ulikuwa mkutano wa hadhara wa Wakristo wa Ireland, wenye asili waliyoijua na wasiyoionea haya. Hata maandishi yote tuliyo nayo kumhusu Lugh yaliandikwa na watawa au watu waliosomeshwa nao. Kanisa lililodaiwa kufuta kumbukumbu ndilo lililozinakili kwa wino, kwa lugha ya wenyeji, likatuhifadhia.

Sasa tuje kwenye mungu wa nafaka anayekufa. Huyu sijamkuta katika maandishi yoyote ya Kiairishi ya zamani. Lugh wa hadithi za Ireland ni shujaa mwenye ufundi wa kila namna: seremala, mhunzi, mpiga kinubi, mshairi, mganga, bingwa wa vita. Katika hadithi ya Vita vya Mag Tuired anamteka Bres, mfalme dhalimu, naye Bres anajitetea asiuawe. Kwanza anaahidi kwamba ng'ombe wa Ireland watatoa maziwa siku zote. Wanamkatalia. Kisha anaahidi mavuno kila robo ya mwaka, mara nne badala ya moja. Wanamkatalia tena, na sababu wanayoitoa ni ya wakulima wa kweli: majira ya kuchipua ni ya kulima na kupanda, mwanzo wa kiangazi ni wa nafaka kupata nguvu, mwanzo wa vuli ni wa kukomaa na kuvuna, kipupwe ni cha kula. Mwishowe Lugh anamwachia kwa jambo dogo zaidi: awafundishe watu wa Ireland siku njema ya kulima, ya kupanda na ya kuvuna. Bres anataja Jumanne. Huyo ndiye Lugh aliye karibu kabisa na shamba katika hadithi zake: mshindi wa vita anayemuuliza adui yake lini ashike jembe. Nafaka si mwili wake, wala hafi pamoja nayo.

Anayekufa ni mwingine, na kwangu hapa ndipo dhulma ya hadithi mpya inapouma zaidi. Kitabu cha Uvamizi wa Ireland, kilichokusanywa katika karne ya 11, kinaeleza kwamba Lughnasadh ilianza kama michezo ya matanga. Marehemu ni Tailtiu, mama mlezi wa Lugh, malkia aliyefyeka msitu wa Meath ukawa uwanda wa mashamba, na kazi hiyo ikamuua. Kabla ya kufa aliagiza maombolezo yake yawe ya michezo, na mtoto aliyemlea akatimiza. Basi hekaya yenyewe ya Waairishi inaweka kiini cha sikukuu ya mavuno kwenye kifo cha mwanamke aliyekufa kwa kufyeka shamba. Ni hekaya inayojua ardhi ya kulima hutoka wapi, inajua kabla ya suke kulikuwa na shoka na mgongo uliovunjika. Wauzaji wa hadithi mpya wamemsogeza Tailtiu pembeni, mahali pake wakamweka kijana mzuri wa kiume anayekatwa kama ngano na kufufuka mwakani.

Kijana huyo alitoka maktabani. Katikati ya karne ya 19 Mjerumani Wilhelm Mannhardt alikusanya desturi za wavunaji wa Ulaya akazieleza kwa roho ya nafaka inayoishi katika mganda wa mwisho. James Frazer wa Cambridge akaichukua nadharia hiyo mwaka 1890 katika The Golden Bough, akaiunganisha na miungu Osiris, Adonis na Attis, akapata mfalme mtakatifu anayeuawa ili ardhi irutubike. Miaka minne kabla yake John Rhys, katika mihadhara yake ya mwaka 1886, alikuwa ameshamfanya Lugh kuwa jua, kwa kuwa siku hizo wasomi wengi waliliona jua katika kila hekaya. Jua la Rhys na maiti ya Frazer ndivyo vilivyoshonwa pamoja, na vazi hilo wanavikwa Wakelti leo.

Kuhusu Galia nitasema machache, maana ushahidi wenyewe ni mchache. Hutajwa mji wa Lyon, Lugdunum wa Warumi, ambako wajumbe wa makabila ya Galia walikutana kila tarehe 1 Agosti mbele ya madhabahu ya Roma na Augusto. Tazameni, wanasema, Lughnasadh ya kale imevaa nguo ya Kirumi! Lakini tarehe 1 Agosti Warumi walikuwa na sababu yao wenyewe: siku hiyo mwaka 30 KK Augusto aliiteka Aleksandria akahitimisha vita vyake na Antonio na Kleopatra. Baadaye mwezi wenyewe ukapewa jina lake, na ushindi huo ukawa mojawapo ya sababu. Madhabahu ya kumtukuza Augusto haihitaji mungu wa Kikelti ili kueleza tarehe yake.

Na ile siri ya vijijini iliyodumu mpaka leo? Mwaka 1921 Margaret Murray alitoa kitabu akidai kwamba wachawi waliochomwa Ulaya walikuwa waumini wa dini ya kale iliyojificha. Sikukuu nne kuu za dini hiyo, Lammas ikiwa mojawapo, alizitoa katika ungamo la mwanamke mmoja aliyeshtakiwa Forfar, Uskoti, mwaka 1661. Mwanamke huyo, akiwa mikononi mwa watesi wake, alitaja siku za mikutano ya wachawi, na siku alizozitaja zilikuwa zilezile ambazo kila Mskoti alizijua kama nguzo za mwaka. Lammas huko ilikuwa siku ya kulipa kodi ya ardhi na kufunga mikataba. Juu ya maneno ya mfungwa mmoja ikajengwa dini nzima. Wanahistoria walioziangalia upya kesi hizo wameibomoa nadharia ya Murray, lakini ilikuwa imeshamfikia Gerald Gardner, mwanzilishi wa Wicca, dini ya wapagani wapya, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 kilikuja na utangulizi wa Murray mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kundi la Gardner lilianza kuadhimisha sikukuu nane kwa usawa, na rafiki yake Ross Nichols akaziingiza upande wa Wadruidi wapya. Hicho ndicho kinachoitwa leo Gurudumu la Mwaka. Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol ameyachambua haya yote kwa subira na kwa heshima, na wapagani wengi wasomi wamemkubali.

Sina ugomvi na mtu anayesimama shambani tarehe 1 Agosti, akaumega mkate na kumtaja Lugh. Ibada iliyoundwa miaka ya 1950 inaweza kuwa ibada ya kweli kwa anayeiamini; dini zote zilianza siku fulani. Ugomvi wangu ni na madai ya umri, kwa sababu umri huo umekopwa kutoka kwa watu wengine, na waliokopwa hawakuulizwa.

Watu hao nawajua kupitia kitabu cha Máire MacNeill, The Festival of Lughnasa, kilichotoka mwaka 1962. Msingi wake ni maswali ambayo Tume ya Fasihi Simulizi ya Ireland iliyatuma vijijini mwaka 1942, ikiwauliza wazee juu ya Jumapili ya mwisho ya Julai na ya kwanza ya Agosti. MacNeill mwenyewe aliamini kwamba nyuma ya majibu yao kuna hekaya ya kale ya Lugh, na hapo sikubaliani naye. Lakini aliyaandika majibu kwa uaminifu, na ukiyasoma bila kumtafuta Lugh utakutana na jambo lililo wazi kama mchana. Utakutana na njaa.

Julai ndio ulikuwa mwezi mbaya. Viazi vya mwaka jana vimekwisha au vimeoza, vipya havijakomaa. Waairishi waliuita Julai wa njaa, Julai wa kabichi, maana palikuwa na majani ya kuchemsha na si mengi zaidi. Watu walichuma haradali mwitu na upupu wa Ulaya wakavipika. Kuchimba viazi kabla ya siku yake ilikuwa aibu. Jirani akikuona na jembe lako shambani katikati ya Julai alijua kwamba kwako akiba imekwisha, au kwamba hujui kupanga chakula cha watoto wako. Ndipo inafika Jumapili ya mwisho ya mwezi. Baba anakwenda shambani, anachimba mashina ya kwanza, mama anachemsha chungu kikubwa, viazi vinapondwa kwa siagi na maziwa, na siku hiyo kila mtu anakula mpaka anashiba. Nyumba ambayo ilishindwa kumshibisha mtu siku hiyo iliona fedheha. Alasiri vijana wanapanda kilimani kuchuma matunda madogo meusi ya porini. Huko Donegal wavulana waliwatungia wasichana bangili za matunda hayo.

Sasa niulize: viazi vimetoka wapi? Vimetoka milima ya Andes, Amerika Kusini, vikavuka bahari katika karne ya 16. Hakuna Mkelti wa kale aliyewahi kukiona kiazi. Malimbuko yaliyofanya sikukuu hii iwe na maana kwa wazee waliojibu maswali ya mwaka 1942 yalikuwa ya zao la kigeni, lililofika Ireland karne nyingi baada ya monasteri za kwanza. Wakulima walipobadilisha chakula, sikukuu ilikifuata chakula. Na mwaka 1845 ugonjwa ulipoviozesha viazi ardhini, watu wapatao milioni moja wakafa na zaidi ya milioni wakaihama nchi katika miaka iliyofuata. Waliobaki waliendelea kukichimba kiazi cha kwanza siku ileile, na nadhani walikichimba kwa moyo ambao sisi tulioshiba hatuwezi kuuelewa. Kuwaambia wajukuu zao kwamba walikuwa wanamwabudu Lugh bila kujua ni kuwafanya mababu wale kuwa wapagazi wa mzigo wasioujua, watu waliobeba maana ya wengine na kukosa ya kwao. Walikuwa na ya kwao.

Mlima Croagh Patrick huko Mayo, mita 764 juu ya bahari, unatajwa kila mara kama ushahidi wa mwisho. Jumapili ya mwisho ya Julai maelfu ya mahujaji Wakatoliki huupanda, wengine miguu mitupu juu ya mawe yanayokata, na watalii huambiwa kwamba hii ni hija ya Lugh iliyobatizwa. Lakini kumbukumbu ya zamani kabisa yenye tarehe kuhusu umati wa mahujaji huko ni ya mwaka 1113, radi ilipowaua watu thelathini waliokuwa wakifunga kileleni. Waliuawa usiku wa sikukuu ya Mtakatifu Patriki, ambayo ni Machi. Watu wa karne ya 12 walipanda wakati wa Kwaresima, baridi ikiuma, kama Patriki alivyofunga siku arobaini katika simulizi ya Tírechán, mwandishi wa kale wa habari zake. Hija ya Julai ni tawi lililokua baadaye, na wasomi wanajadiliana ni lini. Mlima haukubeba tarehe moja tangu enzi za Wadruidi.

Uingereza nako Lammas iliendelea kuwa na makali yake, na makali hayo hayakuhusu miungu. Katika vijiji vingi nyasi za bondeni zilikuwa za mwenye shamba mpaka Lammas. Kuanzia siku hiyo, majani yakishakatwa, wanakijiji wote walikuwa na haki ya kuingiza ng'ombe na farasi wao. Haki hizo zilidumu kupita kiasi ambacho wengi wanadhani. Siku ya Lammas mwaka 1892 wakazi wa Leyton, mashariki ya London, walikwenda kwenye mbuga yao ya malisho wakang'oa reli na uzio uliowekwa na kampuni ya maji. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mji mkubwa kuliko yote duniani wakati huo, na bado walijua kwamba tarehe 1 Agosti nyasi ni zao.

Nimalizie na wahubiri wetu, wale wanaowaambia waumini wa Kianglikana na Kilutheri wa Kenya na Tanzania kwamba kikapu cha mavuno ni cha mungu wa Kikelti. Ibada ya mavuno kama Waanglikana wetu walivyoipokea ina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1843 padri Robert Stephen Hawker wa Morwenstow, Cornwall, aliwaalika waumini wake Jumapili ya kwanza ya Oktoba waje kupokea ushirika kwa mkate wa nafaka mpya. Alisema wazi kwamba alikuwa anafufua desturi ya Lammas ya Kanisa la zamani. Parokia yake ilikuwa kando ya bahari kali iliyovunja meli, waumini wake maskini, na yeye mwenyewe aliwazika mabaharia waliotupwa ufukweni. Desturi ikasambaa, wamisionari wakaja nayo, na huku kwetu ikapata sura ambayo Hawker hakuiwazia: vigelegele, mazao yakipandishwa kwa wimbo, na baada ya ibada mnada uani ambapo jogoo mmoja hununuliwa, hurudishwa na kuuzwa tena mpaka bei yake inapita ya mbuzi. Walutheri waliipata ya kwao kwa Wajerumani, kwa njia nyingine, na wakaifikisha kwenye mnada uleule.

Mhubiri anayetaka kuipinga ibada hii ana haki ya kufanya hivyo, ila aingie kwa mlango wa mbele. Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inamwagiza mkulima atwae malimbuko ya ardhi yake, ayatie kikapuni, amkabidhi kuhani, kisha afurahi yeye na Mlawi na mgeni aliye kwake. Aanze kwa kutueleza atakifanya nini kikapu hicho. Akishamaliza, ndipo tuzungumze kuhusu Lugh.